Tafakari ya Ijumaa: Wafiwa wa Mwaka Ule wa Korona

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu zangu wa Amu (Lamu) na nyinyi mlio safarini.

Wiki hii tusome Sura Yusuf, aya ya 83 mpaka ya 87. Nabii Yaakub, alayhi salaam, kaletewa habari kwamba na mwanawe wa pili kabaki Misri. Anasema, subira ni njema. Aya inayofuata, anawapa wanawe mgongo na kusema, "Ee huzuni yangu juu ya Yusuf!" Macho yake yakawa meupe kwa majonzi. Yusuf alipotea akiwa mtoto, na sasa ni mtu mzima, mwenye hazina za nchi mkononi. Miaka yote hiyo mzee analia, na watu wa nyumbani wamechoka naye. Wanamwambia hutaacha kumtaja Yusuf mpaka uharibikiwe au ufe. (Na wanaosema hivyo ndio waliomtupa Yusuf kisimani. Mara nyingi anayekuhimiza usahau ana lake.)

Subira imo katika aya ya 83 na kilio kimo katika ya 84, kinywani mwa Nabii yule yule. Mwenyezi Mungu hakumkemea kwa machozi yale. Yeye mwenyewe alijibu kwamba anamshitakia Mungu sikitiko lake na huzuni yake, kisha akawatuma wanawe wakamtafute Yusuf na nduguye, wasikate tamaa na rehema ya Mungu. Alilia, akasubiri, akatarajia, yote kwa pamoja.

Nayaleta haya kwa ajili ya nyumba zilizofiwa wakati wa korona. Kafyu iliondolewa Oktoba 2021, na tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ile dharura ya dunia imekwisha. Barakoa tukazitupa. Lakini katika mitaa yetu ya Mkomani na Langoni ziko nyumba ambazo msiba haujatoka mlangoni, na sisi majirani tumekuwa kama wana wa Yaakub: "Si yalishapita hayo?"

Kumbukeni walivyofiwa. Aprili 2020 Mombasa, Kwale na Kilifi zilifungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Njia yetu ya gari kutoka Mokowe hupita Malindi, na Malindi ni Kilifi. Ramadhani ikaingia na kutoka, Idd ikapita, njia bado imefungwa. Aliyekwenda Mombasa kutibiwa akafa, akazikwa huko huko, na watoto wake wakaangalia maziko kwenye simu, picha inakatika inarudi. Mama aliyewaosha maiti wa mtaa mzima kwa mikono yake, siku yake ilipofika hakuoshwa na binti zake. Matanga hayakukaliwa. Mjane alikaa eda yake ya miezi minne na siku kumi bila watu kuingia kumliwaza. Desturi zetu za msiba zina kazi yake. Zile siku tatu za mkeka na sufuria za jirani ndizo zinazomfundisha mtu kwamba kweli kafiwa. Aliyezikosa bado hajafundishwa.

Nina jirani, mtunga vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia. Waliugua yeye na mumewe, yeye akapona, mume akaenda zake. Tangu hapo pua yake haikurudi. Asumini anaichagua kwa macho, ile ambayo haijafunua, na mkadi anampelekea binti yake anuse amwambie kama umechakaa. Kahawa kwake inanuka kitu kilichoungua. Kanzu ya marehemu, aliyokuwa akiifukiza udi kila Alhamisi, imo sandukuni. Binti anasema harufu ingalimo. Yeye huitoa, akaitia usoni, asipate kitu, akaikunja akairudisha. Nilipokuwa kwake nikaikumbuka aya ya 94: msafara umetoka tu Misri, na Yaakub huku mbali anasema, hakika mimi nasikia harufu ya Yusuf. Nilitaka kumsomea. Nikaona si wakati wake.

Na wako waliopona kwa jina tu. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa maelezo rasmi ya hali hii: miezi mitatu tangu kuugua, mtu bado ana dalili zilizodumu angalau miezi miwili zisizoelezeka kwa maradhi mengine. Kuchoka, pumzi kukatika, fikira kuwa nzito. Kijana aliyekuwa akitweka tanga bila kusaidiwa sasa akipanda ngazi za nyumba yao hukaa katikati. Nyumbani wanamwita mvivu. Jamani, mgonjwa aliyeruhusiwa kukaa sala kwa udhuru, nani kati yetu wa kumhukumu juu ya kamba ya mashua?

Wengine husema aliyepatwa na vile imani yake ilikuwa na kasoro. Hao waulizeni kuhusu masahaba Abu Ubayda na Muadh bin Jabal, waliofariki katika tauni ya Amwas, mwaka wa 18 wa Hijra. Mtume, swallallahu alayhi wasallam, keshasema katika Bukhari kwamba tauni ni shahada, yaani kufa shahidi, kwa kila Muislamu, na wanazuoni wengi waliwatarajia hivyo hivyo waliokufa kwa korona.

Wazee wetu pia. Misikiti ilipofunguliwa Julai 2020 ilikuwa watu wasiozidi 100, saa moja tu, na wa chini ya miaka 13 na wa zaidi ya 58 wabaki nyumbani. Sababu ilikuwa ya haki, maradhi yale yaliwala wazee zaidi. Ila mtu aliyesali safu ya kwanza umri wake wote akaambiwa asije, wengine mpaka leo hawajarudi. Wanasikiza adhana barazani. Mpitieni mmoja mwende naye magharibi, taratibu, kwa mwendo wake.

Kwa waliozikwa bila sisi, mlango uko wazi. Kulikuwa na mwanamke aliyekuwa akifagia msikiti wa Madina. Alikufa, na katika baadhi ya mapokezi walimzika usiku wasitake kumwamsha Mtume. Alipomkosa akauliza, akasema, "Kwa nini hamkuniarifu? Nionyesheni kaburi lake." Akaenda akamsalia, naye keshazikwa. Basi anayeweza kufika kaburini Mombasa aende. Asiyeweza, khitma husomwa popote.

Limebaki deni. Imam Ahmad amepokea kwa Jabir kwamba aliletwa maiti asaliwe, Mtume akauliza kama ana deni. Dinari mbili. Akarudi nyuma. Abu Qatada akasema dinari hizo ni juu yangu, ndipo akamsalia. Kesho yake akamuuliza Abu Qatada: zile dinari mbili vipi? Akajibu, mtu kafa jana tu! Siku iliyofuata akauliza tena, akaambiwa zimelipwa. Akasema, sasa ngozi ya maiti yule imepoa.

Ziko nyumba mbili nizijuazo ambazo bili ya hospitali ya mwaka ule haijamalizika. Moja imeshauza mashua. Ya pili mtoto wa kiume kaacha shule, anabeba mawe kwa punda. Majina siyataji hapa. Anayetaka kuchukua dinari zake mbili anione baada ya sala ya Ijumaa, au anipigie.

Wasalaam alaykum.