Mkoba wa chakula mtini

Mwaka 2019 nilikwenda Pemba kumtizama ami yangu, mdogo wake baba, anakaa peke yake kwenye banda huko Makangale, pembeni kabisa mwa msitu wa Ngezi. Ami aliingia Uganda na JWTZ vita vya Kagera, na tangu arudi 1979 hajataka mji, hajaoa, harusini hendi, hata Idi akishasali anaondoka kabla watu hawajapeana mikono. Watu walikuwa wakisema ana shetani. Nilikuwa nikichukia sana kusikia vile na mpaka leo nachukia.

Usiku ule nikafungua laptopu nikamuwekea muvi moja inaitwa Leave No Trace, ya 2018, ya Debra Granik. Baba mmoja wa Marekani, mwanajeshi wa zamani, anaishi na binti yake kwenye msitu wa Forest Park, Portland, wanalala kwenye turubai, wakaja kukamatwa wakapewa nyumba kwenye shamba la miti ya Krismasi na yule baba nyumba ikamshinda. Mwanzo nikawa namfasiria ami maneno, baadae akanambia basi mwanangu, nafahamu.

Ikafika pale helikopta zinabeba miti shambani na baba wa watu hana raha kabisa. Ami akanyoosha mkono akafunika spika kwa kiganja, akabaki hivyo hivyo mpaka mlio ukesha, ndo akasema ile mizinga walokuwa wakiiita saba saba ilikuwa ya jeshi letu wenyewe na bado ikilia mwili ulikuwa unamtetemeka. Maisha yangu yote sijawahi kumsikia ami akitaja vita.

Sasa mbele huko kuna watu wanaishi kwenye matrela porini, kuna mtu kajificha msituni hawamuoni, wao humtundikia mfuko wa chakula mtini akaja akauchukua mwenyewe. Hapo mie nikashindwa kuangalia, maana nilipokuwa skuli kila Alkhamisi mama alinipa mkoba wa ukili, muhogo na samaki, nikautundike kwenye mwembe wa ami. Nikiita hodi kimya. Nikirudi kesho yake mkoba mtupu, umeoshwa. Miaka yote ile nilijua hataki kuniona.

Muvi ikesha tukakaa gizani, popo wanapiga kelele kule msituni. Mara akasema, "Ulikuwa ukija unasoma kaswida kwa sauti, unaogopa."

Nikamuuliza, "Ami, kumbe ulikuwepo?"

"Nikisimama nyuma ya mikarafuu. Nikikufuata mpaka barabarani, nihakikishe umefika."

Sikuweza kujibu kitu. Alfajiri akachukua tochi tukaondoka pamoja, safari hii akatembea ubavuni kwangu mpaka njia ya gari.