Kawa ya Taa: Kumbukumbu ya Mradi Wangu wa Ukili, Hatua ya Pili

Mradi huu ni wa kutengeneza kifuniko cha taa kwa ukili, yaani ukanda mrefu uliosukwa kwa majani ya mkindu, ulioshonwa kwa mtindo wa kawa, ile ile ambayo nyumba nyingi za Pemba huitumia kufunikia chakula, na sharti nililojiwekea ni kwamba rangi zote zitoke katika mimea inayopatikana hapa kisiwani. Hatua ya kwanza ilikuwa ya michoro. Hatua hii ya pili imekuwa ya mikono, na imenithibitishia jambo ambalo sasa linaongoza kazi nzima: umbo na nakshi ya kawa huamuliwa na upana wa chane, yaani kile kipande chembamba cha jani kinachosukiwa, na namna chane inavyokunjwa pembeni mwa ukili, na nguvu ya mkono unaovuta wakati wa kushona. Mwanafunzi wa usanifu anayechora kabla hajayajua hayo anachora kitu ambacho ukindu, yaani majani yenyewe ya mkindu, hautakubali kuwa.

Msukumo wa majaribio haya nimeupata kwa Anni Albers, mfumaji wa Kijerumani aliyesoma katika Bauhaus, skuli ya sanaa na usanifu huko Ujerumani, na kupata diploma yake mwaka 1930. Kazi iliyompatia diploma hiyo ilikuwa kitambaa cha kufunika kuta za ukumbi wa skuli ya vyama vya wafanyakazi huko Bernau: upande wa mbele alitumia selofani, utando mwembamba unaong'aa, ili urudishe mwanga ukumbini, na upande wa nyuma alitumia nyuzi nene laini ili zinyonye mwangwi. Kitambaa kimoja, pande mbili, kazi mbili. Niliposoma habari hiyo nilijiuliza kama ukili nao unaweza kufanya vivyo hivyo, yaani nje uwe na rangi inayopendeza taa inapokuwa imezimwa, na ndani ubaki mweupe ili mwanga uteremke mezani badala ya kumezwa na kifuniko.

Kuhusu matayarisho sina mengi ya kueleza, kwa kuwa shangazi yangu amenifundisha kama alivyofundishwa yeye. Ukindu hukatwa ungali mchanga, kabla jani halijafunguka, huanikwa juani mpaka uwe mweupe, kisha huchanwa kwa upana unaotakiwa, na kabla ya kusukwa hutiwa maji kidogo ili usikatike. Upana wa chane ndio uliohitaji uamuzi. Chane nyembamba hutoa ukili laini unaozunguka kwa urahisi kwenye ncha ya kawa, lakini hubana mwanga. Chane pana huacha matundu mazuri ya mwanga, ila ncha yake huwa ngumu kuanza. Nimechagua chane nyembamba kwa mizunguko ya juu na pana kwa iliyobaki.

Jaribio la pande mbili ndilo lililonishughulisha kuliko yote. Nilichukua chane mbili za upana mmoja, moja nyeupe na nyingine iliyotiwa rangi ya manjano, nikazilaza moja juu ya nyingine na kuzisuka kana kwamba ni chane moja, nikitarajia kupata ukili wenye uso wa manjano na mgongo mweupe. Matokeo yalikuwa tofauti, na sababu yake imo katika usukaji wenyewe. Chane huenda mshazari mpaka pembeni mwa ukili, hukunjwa, kisha hurudi mshazari kuelekea upande wa pili, na kila inapokunjwa hupinduka, ule uso uliokuwa juu ukawa chini. Kwa hiyo chane zote zinazokwenda kulia zilionesha manjano, na zote zinazorudi kushoto zilionesha weupe, na uso wa ukili ukajaa miraba midogo ya rangi mbili inayopishana mfululizo. Mgongo wake ulikuwa hivyo hivyo. Sikuwa nimeipanga nakshi hiyo, lakini ni nzuri mno, na uzuri wake umetokana na mwendo wa chane wenyewe.

Shangazi aliugeuzageuza ukili ule, akakaa kitako, akanionesha njia ya kupata nilichokuwa nikikitafuta. Unapofika pembeni, chane ya juu unaitoa kando kwanza, unaikunja ile ya chini peke yake, kisha unairudisha ya juu na kuikunja juu ya mwenzake, na hapo rangi inabaki juu daima. "Lakini utachelewa, mwanangu," aliniambia, "na pembe zitakuwa nene." Yote mawili ni kweli. Kwa sababu hiyo nimeamua kuitumia njia yake kwenye mizunguko ya juu tu, iliyo karibu na balbu, ambako weupe wa ndani una kazi kubwa ya kurudisha mwanga, na sehemu pana ya chini nimeiachia miraba.

Upande wa rangi, majaribio yamenilazimisha kuachana na nilizozipenda zaidi. Bizari ya manjano hushika ukindu vizuri ikichemshwa, hata bila dawa ya kushikilia rangi, na ukiichovya kwenye maji ya majivu hugeuka nyekundu ya kuiva mbele ya macho yako. Hata hivyo, rangi yake haihimili mwanga. Niliweka vipande dirishani, nusu ya kila kipande nikiifunika kwa karatasi nzito, na nusu iliyoachwa wazi ikafifia upesi, vikiwemo vile nilivyovitia shabu, ambayo ni dawa ya kushikilia rangi. Mbegu za mzingefuri, ambazo hutoa rangi vizuri zaidi katika maji yenye magadi kuliko katika maji matupu, zilinipa rangi ya chungwa yenye kung'aa sana, nayo ikafifia kwa namna hiyo hiyo. Kifuniko cha taa huishi mwangani mchana na usiku, kwa hiyo rangi hizi mbili zitafaa kwa kazi nyingine.

Iliyobaki imara ni rangi ya makonyo ya karafuu, yaani vile vikonyo vinavyoshika karafuu. Tangu tufani ya mwaka 1872 ilipoiangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo imekuwa ikitoa karafuu nyingi zaidi, na kila msimu wa kuchambua huacha makonyo tele majamvini. Makonyo yana tanini, dutu chungu ya mimea inayoshika rangi, na yakichemshwa pamoja na ukindu huupa rangi ya kahawia iliyotulia. Ukindu huo ukichovywa baadaye katika maji ya chuma, ambayo mimi niliyapata kwa kuloweka misumari yenye kutu ndani ya siki, tanini na chuma huungana na kutoa rangi ya kijivu inayokaribia weusi. Tahadhari moja ni muhimu: chuma kikizidi hudhoofisha nyuzi za mmea, na chane huanza kukatika kwenye mkunjo. Ni bora kuyazimua maji ya chuma, kuchovya kwa muda mfupi, kisha kusuuza sana.

Mpangilio wa rangi nimeuazima kwenye kanga, yenye pindo, mji na jina. Hapo ninamfikiria pia Lubaina Himid, msanii aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954 na kupata tuzo ya Turner, tuzo ya sanaa ya Uingereza, mwaka 2017, ambaye ameitumia kanga katika kazi zake na kunipa ujasiri wa kuichukulia kama somo kamili la usanifu. Kawa yangu itakuwa na pindo jeusi kwenye ukingo wa chini na mji wa miraba ya kahawia na nyeupe. Pindo hilo lina kazi yake, kwani huzuia mwanga mkali usimpige machoni aliyeketi karibu na taa. Jina nimeliacha, kwa kuwa maandishi yangehitaji ukili mwembamba kuliko ninaoweza kuusuka kwa sasa.

Ushonaji umeanza. Ukili mpya ukivutwa wakati unaunganishwa na mzunguko uliotangulia, ukuta wa kawa huinuka. Ukiachiwa ulegee kidogo, hulala na kutanuka kama sinia. Mteremko mzima wa kawa unatokana na tofauti hiyo ndogo ya mkono, na ndiyo maana ninafanya mazoezi kwenye kawa ndogo ya ukili usiotiwa rangi kabla ya kuigusa ile yenyewe. Balbu itakuwa ya LED, ambayo haitoi joto jingi kama zile za zamani za waya, na itaning'inia mbali na ukili. Kinachofuata ni kupima mizunguko mingapi ya pindo inatosha kuficha balbu kwa mtu aliyeketi chini kwenye mkeka, maana kipimo nilichokuwa nacho kwenye michoro kilimfikiria mtu aliyeketi kwenye kiti.