Kipa Aliyeamriwa Aache Leo Leo

Amri ilitolewa Alhamisi jioni pale uwanja wa hoki wa City Park, Nairobi, mazoezi yakiwa yamekwisha, nyasi bandia bado zimelowa maji. Kocha alimwambia kipa mbele ya wenzake: kuanzia leo, ukigusa tone la pombe, Jumapili huchezi. Sisi wa uongozi tuliitikia kwa kichwa. Mimi ndiye niliyekuwa meneja wa timu, na wazo la kumlaza kwa mwenzake huko Ngara, ili asipite kwenye maduka ya pombe akirudi nyumbani, lilikuwa langu.

Ijumaa alitapika chai. Usiku hakulala, mikono ikamtetemeka, fulana ikalowa jasho na huku ilikuwa Julai, baridi ya Nairobi inayouma mifupa. Mwenyeji wake alidhani ni malaria, akamnunulia dawa ya homa.

Jumamosi saa tatu asubuhi alianguka ndani ya goli. Kifafa, na hajawahi kuwa na kifafa.

Kipa wa hoki akianguka hivyo, vifaa vyake ndivyo adui wa kwanza. Kikinga koo kinabana shingo, kwa hiyo kinatolewa mwanzo, kisha ukanda wa kidevuni, kisha helmeti. Tulipotaka kumgeuza ubavu, pedi za miguu, pana kama mbao, zilikataa. Ikabidi tufungue vifungo vya pedi moja ndipo akageuka. Wakati huo kijana mmoja alikuwa amekimbia kantini kuleta kijiko cha kumtia mdomoni. Mtaalamu wetu wa viungo alimfukuza, na alifanya vyema, maana kijiko huvunja meno na hakizuii lolote. Hakumshika mikono wala miguu. Alimwekea jaketi chini ya kichwa, akatazama saa. Zilikuwa dakika mbili. Zingepita tano, au kingerudi cha pili kabla hajazinduka, hiyo ingekuwa hatari ya namna nyingine. Hata hivyo kifafa cha kwanza maishani si cha kungoja kupoa, basi tukampakia garini.

Hospitalini daktari aliuliza swali moja tu kabla hajagusa kitu: mara ya mwisho alikunywa lini? Sisi wakubwa tukatazamana. Nahodha ndiye aliyejibu.

“Alhamisi saa kumi, daktari. Kabla ya mazoezi. Kila asubuhi lazima atoe loki, anywe kidogo kuondoa uchovu wa pombe ya jana, la sivyo hawezi kufunga hata kamba za viatu. Sisi tulijua.”

Vichupa vya mililita 250 vilikuwa vikikaa ndani ya mfuko wa pedi. Wachezaji wote walijua, uongozi ulikuwa ukinusa tu na kununa.

Daktari alitueleza kwa mfano wa kuvuta kamba. Pombe ya kila siku huvuta ubongo upande wa usingizi, na ubongo nao huvuta upande wa pili ili mtu aendelee kusimama. Ukiachia upande mmoja ghafla, wa pili unaanguka chali. Kutetemeka na jasho huanza ndani ya saa chache tangu glasi ya mwisho. Kifafa huja zaidi ndani ya saa 48. Kati ya siku ya pili na ya nne mtu anaweza kuchanganyikiwa, kuona visivyokuwapo, na hilo likiachwa bila tiba huua. Kwa hiyo amri yetu ya Alhamisi, ambayo tuliiona ya kiume kabisa, ilikuwa mbaya kuliko kumwacha akanywa mpaka amwone daktari. Alilazwa siku tano: diazepam, dawa ya kutuliza ubongo, ikipunguzwa kidogo kidogo, na vitamini B1 ya sindano, kwa kuwa walevi wa muda mrefu huishiwa nayo na ubongo hudhurika.

Jumapili tulifungwa. Tuyaache hayo.

Kikao kilikuwa Jumatano. Mweka hazina alitaka afukuzwe, akauliza klabu ya kuchangishana inalea walevi tangu lini. Nahodha akamkumbusha, kwa adabu, kreti ambazo viongozi hununua kila tukishinda, na nauli tunayolipa taslimu jioni ya mechi, mita chache kutoka mlango wa baa.

Katibu alileta mfano wa NHL, ligi ya hoki ya barafu ya Marekani na Kanada. Tangu 1996 ligi na chama cha wachezaji wana mpango wao. Anayeingia mara ya kwanza hutibiwa huku analipwa mshahara wake wote. Akirudia, mshahara unasimamishwa, na analipwa tena akikamilisha tiba. Hatua ya tatu ni nje miezi 6 au zaidi, ya nne ni mwaka au zaidi bila ahadi ya kurejea. Mpango huo si dawa ya yote: Derek Boogaard wa New York Rangers alikwisha kuupitia, na Mei 2011 alifariki kwa mchanganyiko wa pombe na oksikodoni, dawa kali ya maumivu, umri miaka 28. Sisi hatuna mishahara ya kuzuia wala kulipa. Kitu tulichochukua ni kimoja: anayepanga kikosi asiwe ndiye anayeshika habari za matibabu. Kocha aambiwe “yuko tayari” au “bado”, basi.

Tuliandika ukurasa mmoja, kipa akiwapo na dada yake. Nauli iende kwa dada kwa M-Pesa kila Jumatatu, si rundo mwisho wa wiki. Mshauri, ambaye dada alimpata baada ya kupiga 1192, simu ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, aonwe kila wiki. Asivae pedi kabla ya kumaliza diazepam, kwa sababu mpira wa kona fupi, ile adhabu inayopigwa karibu na goli, humfikia kipa kabla hajafumba na kufumbua, na mwenye usingizi ataupokea mpira kwa uso. Kisha wiki mbili za kukimbia tu, wiki mbili benchi. Alkoblo, kipimo cha pombe kwenye pumzi, kabla ya mazoezi, apulize chumbani peke yake na mtaalamu wa viungo, si uwanjani kama mwizi. Na asubiri dakika 15 ikiwa amesukutua mdomo, maana dawa nyingine za kusukutua zina pombe na kipimo kitamsingizia.

Aya ya mwisho ilihusu kuteleza, yaani akirudia pombe. Mweka hazina aliipinga, akasema ni kumpa mtu ruhusa. Ikabaki.

Wiki ya tisa kipa alinipigia simu saa kumi na mbili asubuhi. Alikuwa amekunywa usiku mzima. Karatasi ilisema: asije mazoezini siku hiyo, asiachie ghafla peke yake nyumbani, amwone daktari siku ileile na mshauri ndani ya saa 48, nauli isikatwe. Nilimpigia mweka hazina. Akaniambia nimsomee aya ile. Nikasoma. Akaniambia nirudie, polepole. Mchana dada wa kipa alinitumia ujumbe kwamba pesa zimeingia.