FLAC moja, nyimbo 14: jinsi nilivyozitenganisha bila kuharibu sauti

Baba mdogo, hapa Kadutu, Bukavu, alinipa sidii ya kwaya yao ikiwa imeshanakiliwa: faili moja la FLAC (aina ya faili la sauti linalobanwa bila kupoteza kitu) la dakika 62, na kifaili cha CUE pembeni (maandishi yanayoonyesha kila wimbo unaanzia wapi). Alitaka kila wimbo peke yake.

Kwanza niligeuza kuwa MP3, nikakata kwa mkono. Makofi yakasikika kama yamefunikwa blanketi, na pale wimbo mmoja unapoingia katika mwingine kukawa na "tak!" Iliniuma sana, maana sauti ya marehemu bibi imo humo.

Dawa ilikuwa shntool, programu ya kompyuta ya kushughulikia faili za sauti; amri yake ya kukata ni shnsplit:

shnsplit -f kwaya.cue -o flac -t "%n-%t" kwaya.flac

Programu hii inafuata CUE, ambamo sekunde moja ina vipande 75, kila kimoja sampuli (vipimo vidogo vya sauti) 588, na inakata hapo hapo kwenye mpaka. Na kwa kuwa FLAC, tofauti na MP3, haitupi kitu, kuifungua na kuifunga upya hakupunguzi chochote.

Majina ya nyimbo niliyaingiza ndani ya faili zenyewe kwa cuetag, programu ndogo inayoyasoma kutoka kwenye CUE. Likitokea faili linaloanza na 00 (sauti iliyo kabla ya wimbo wa kwanza), liondoe kwanza, la sivyo majina yatakosea nyimbo.

Jioni tulisikiliza wote. Bibi anaingia kwenye wimbo wa 9, pumzi yake inasikika kabla ya neno la kwanza.