Magitaa ya zamani yanayotoka kiwandani leo

Mi niseme ukweli tu, haya magitaa ya umeme ya kizamani yanayotengenezwa upya nayapenda sana, na washikaji hapa Tanga wakinuna wanune. Wao wanasema la asili ni la asili, ubao umekauka miaka 60, pikapu (vile visumaku vya kunasa sauti ya nyuzi) zimezeeka, huwezi kuiga. Sawa, lakini Stratocaster ya 1954 au Les Paul ya 1959 nani wa Ngamiani ataigusa, bei zake ni za kununulia nyumba!

Fender wenyewe, watengenezaji wa Stratocaster, walianza kurudia modeli zao za 1957 na 1962 mwaka 1982, maana wapigaji walishalalamika mno kwamba tangu CBS, shirika la utangazaji la Marekani, wainunue kampuni 1965 ubora umeshuka, yani wapigaji ndo walioyataka. Ila kuchubua rangi makusudi kiwandani ili lionekane limepigwa miaka mingi, hapo mi hapana kabisa.

Huu ni mji wa bendi za zamani za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz bwana, tunataka solo kavu, safi, inayolia. Mwenye gitaa la mtindo ule wa kizamani lililotengenezwa upya, la pikapu za koili moja, anitafute, nataka nilisikie kwenye amplifaya yangu.