Ukurasa wa Wino Mwekundu

Lexington, Kentucky. Jumapili usiku, Novemba.

Leo baada ya ibada nimelitoa kabatini daftari la jalada la kijani ambamo nimekuwa nikiandika ubashiri wangu tangu Aprili 2012. Kila ukurasa una jina la kijana mcheza mpira wa kikapu, vyuo vikuu vinavyomtaka, chuo ninachodhani atakichagua, na sababu zangu; chini kabisa, kwa wino mwekundu, huandika alikokwenda kweli. Sikulitoa ili nihesabu mara nilizopatia. Nimelitoa kwa sababu ya maneno aliyoniambia dada yangu kwenye maegesho ya kanisa, ambayo bado yananichoma, na ambayo nitayaeleza nikishatulia.

Msomaji aliyezoea tetesi za usajili za Simba na Yanga ataielewa upesi homa ya mji huu, ila azingatie tofauti moja kubwa. Kule anayesubiriwa ni mchezaji wa kulipwa, mwenye mkataba na wakala wa kumsemea. Hapa anayesubiriwa ni mwanafunzi wa sekondari, mara nyingi wa miaka 17, ambaye kesho yake asubuhi ana mtihani wa hesabu. Makocha wa vyuo humfuatilia kwa miaka miwili au mitatu, humwita chuoni kwa ziara rasmi inayogharamiwa na chuo chenyewe, na siku moja yeye hutangaza anakokwenda. Tangazo la mdomo halimfungi. Kinachomfunga ni saini, na kabla ya saini hiyo kanuni za NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, zinamkataza kocha kumzungumzia hadharani. Nimefikiri sana juu ya katazo hilo, na naamini ndilo linalolea tetesi zote. Kocha anaijua hali lakini hana ruhusa ya kusema, kijana anaijua lakini ameshauriwa anyamaze, na katikati ya watu hao wawili walionyamaza tumesimama sisi maelfu, tusiojua lolote na tusio na katazo lolote.

Kwa hiyo tunasoma dalili. Mwezi Julai, kwenye mashindano ya Peach Jam kule North Augusta, Carolina Kusini, tunataka kujua kocha gani ameketi karibu na uwanja upi na amekaa kwa muda gani. Tunaangalia kijana ameanza kumfuata nani Instagram, timu yake ya kiangazi inavalishwa na Nike au na Adidas, na rangi ya shati alilovaa akishuka kwenye gari. Wachambuzi wa tovuti ya 247Sports hupiga kura zao kwenye ukurasa uitwao Crystal Ball, nasi huamka usiku kutazama kama asilimia zimesogea. Katika mji wenye Chuo Kikuu cha Kentucky, kilichotwaa ubingwa wa taifa mara 8, msimu wa dalili una uzito uleule wa msimu wa mechi, na kwa wengine unauzidi.

Mimi nilianzia sebuleni kwa jirani. Nilikuwa mgeni hapa, Kiingereza changu kikiwa cha kuomba radhi na kushukuru tu, na siku chache kabla, Aprili 2, 2012, Kentucky ilikuwa imeishinda Kansas 67 kwa 59 kule New Orleans, mji mzima ukakesha barabarani. Tarehe 11 jirani aliniita tutazame televisheni. Kijana mmoja mrefu aitwaye Nerlens Noel, mwenye nywele zilizosimama na kukatwa bapa juu, alikuwa achague kati ya Georgetown, Syracuse na Kentucky. Hakusema neno. Aligeuza mgongo, na kisogoni tukaona herufi UK, kifupi cha University of Kentucky, zimenyolewa kwenye nywele zake. Watu wazima waliokuwa sebuleni mle walipiga kelele, wakanikumbatia mimi ambaye hawakulijua hata jina langu sawasawa. Usiku ule niliona kwamba jambo hili lingenipa watu wa kuzungumza nao, na kweli lilinipa. Kazini, kwa kinyozi, kanisani, nilikuwa na neno la kusema. Siwezi kulidharau, hata leo.

Ukurasa wa Andrew Wiggins ni wa Mei 2013. Alikuwa akisoma Huntington, West Virginia, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kutoka hapa, na waliobaki kwenye orodha yake walikuwa Kentucky, Kansas, North Carolina na Florida State. Nimeandika hivi kwa mkono wangu: "Kentucky, au Florida State kwa sababu baba na mama yake wote walisoma huko." Tarehe 14 alitangaza Kansas, katika hafla ndogo shuleni kwao, akiwa ameruhusu mwandishi mmoja tu wa magazeti kuhudhuria. Mwaka ule nilikasirika kwamba ametunyima tamasha. Leo nikiutazama uamuzi ule wa kufunga mlango, naona kijana wa miaka 18 aliyekuwa amechoka kutazamwa.

Wa Zion Williamson ni wa Januari 2018. Hapo nilikuwa na hakika, na karibu wachambuzi wote walikuwa nami: angekwenda Clemson, iliyo jirani na kwao Spartanburg, chuo ambacho baba yake wa kambo aliwahi kukichezea. Isitoshe, Duke ilikwisha kuwapata RJ Barrett na Cam Reddish, nasi tulihesabu kwamba hakuna kijana wa kiwango chake anayetaka kugawana mpira na wawili kama hao. Tarehe 20 akavaa kofia ya Duke. Sababu zangu zinajaza nusu ukurasa, na hakuna hata moja inayouliza yeye anapenda kuishi na watu wa namna gani.

Kurasa mbili nimezisoma polepole zaidi, kwa kuwa ni za watoto wa nyumbani. Oscar Tshiebwe alizaliwa Lubumbashi, na wakati ule alikuwa akisoma sekondari Pennsylvania. Mwaka 2018 niliandika Kentucky, akachagua West Virginia. Nikaandika kwa wino mwekundu kwa hasira hadi karatasi ikatoboka, kana kwamba ndugu amepita mlangoni kwangu bila kubisha hodi. Januari 2021 alihamia Kentucky, na mwaka 2022 akatajwa mchezaji bora wa mwaka wa vyuo vyote, akiwa na wastani wa ribaundi 15.1 kwa mechi, yaani mipira iliyokosa kikapu ambayo yeye aliidaka. Hapo tetesi zikaanza upya: je, ataingia NBA au atabaki? Tulipiga hesabu za pesa zake kama tuliokabidhiwa daftari la benki yake, tukasahau kwamba yuko nchini kwa visa ya mwanafunzi, ambayo ilimbana katika mapato ambayo wenzake wazaliwa wa hapa waliyapata bila shida. Aprili 2022 alitangaza anabaki. Tulisherehekea, na waliobashiri ataondoka wakadai kwamba kuna kilichofichwa.

Jonathan Kuminga naye ni mzaliwa wa Goma. Mwaka 2020 alikuwa amevibakiza Auburn, Duke, Kentucky na Texas Tech, na mimi nikaandika Kentucky. Mwezi Julai akaviacha vyote vinne, akaenda kwenye timu ya G League Ignite iliyokuwa ikiwalipa vijana bila kuwapitisha chuoni. Daftari langu halikuwa hata na nafasi ya jibu la namna hiyo.

Tangu hapo hesabu zimekuwa nzito zaidi. Tangu Julai 2021 wachezaji wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na sura zao, na kuanzia mwaka huohuo wameweza kuhama chuo mara ya kwanza bila kukaa nje msimu mzima. Mwaka 2025 vyuo vyenyewe vilipata ruhusa ya kuwalipa. Sina kinyongo na malipo hayo. Waliojaza viwanja kwa jasho lao walistahili kulipwa zamani. Ninachokiona ni kwamba lugha yetu mashabiki imebadilika. Zamani kijana akichagua kwingine tulisema amekosea. Siku hizi tunasema amenunuliwa, na tunalisema neno hilo juu ya mtoto wa mtu bila kushika ushahidi wowote mkononi.

Sasa nifike kwa dada yangu.

Mwanawe wa kwanza ana futi 6 na inchi 7, yuko darasa la 12, na anacheza vizuri, ingawa si kwa kiwango cha kina Williamson. Hajawahi kuandikwa kwenye orodha yoyote ya nyota. Vyuo vidogo vitatu vimempa ahadi ya ufadhili, viwili vya hapa Kentucky na kimoja cha Indiana. Kwa jamii yetu hiyo ni habari kubwa, na tangu Agosti watu wamekuwa wakibashiri. Nani alionekana kwenye ngazi za nyumba yao akiwa na jaketi la chuo? Kwa nini mama mtu hakuja kanisani Jumapili ile? Mwezi uliopita dada alinunua gari kuukuu, kwa zamu yake ya upatu na akiba ya miaka miwili ya kazi ya usiku. Wiki haikuisha ikasemwa kwamba gari limetoka kwa chuo cha Indiana. Lilisemwa kwa sauti ndogo na watu wanaompenda, baadhi yao wakilisema kwa furaha, kwamba heri mtoto ameanza kumsaidia mama yake. Neno likazunguka hadi likamfikia kijana shuleni, mwenzake wa timu alipomuuliza mbele ya wengine kama ni kweli mama yake amekwisha kula pesa.

Leo kwenye maegesho, mbele ya gari hilohilo, dada hakupaza sauti. Alisema, "Kaka, mchezo huu wa kubashiri watoto wa watu, ni wewe uliyewafundisha."

Sikuwa na jibu. Ni kweli kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikija na daftari kwenye chai baada ya ibada, nikiwafafanulia wazee maana ya ziara rasmi, nikiwaonyesha namna ya kusoma asilimia za wachambuzi. Watu waliofika mji huu wakiwa hawajui mstari wa pointi tatu ni nini walijifunza kwangu kumtilia mashaka kijana kabla hajafungua mdomo. Mwaka 2009 mwanafunzi mmoja wa NC State alifungua kundi la Facebook la kumsihi John Wall, mzaliwa wa Raleigh, abaki kwao, na chuo chake kikamwandikia barua kumtaka aache, kwa kuwa kanuni zilimhesabu shabiki kuwa mshawishi. Wall akaja Kentucky. Niliposimuliwa kisa hicho nilikiona cha kupita kiasi: mtu mmoja na maneno yake yanamdhuru nani? Leo nimeona yanavyotembea hadi yakafika darasani.

Nami, katika ziara tatu za vyuo hivyo, ndiye niliyekuwa mkalimani wa dada. Nilikaa mezani, nikasikia kile ambacho kwa miaka yote nilitamani kukisikia nikiwa nje. Kijana hakuuliza habari za televisheni wala za ubingwa. Aliuliza kama mabweni hufungwa likizo ya Krismasi, na mchezaji asiye na nauli hulala wapi. Aliuliza kama ratiba ya mazoezi inamruhusu kusoma uuguzi. Mama yake aliuliza kama daktari wa timu atampigia yeye simu mwanawe akivunjika, na kwa lugha gani. Kocha mmoja alijibu yote hayo huku akimtazama dada, si mimi niliyekuwa nikitafsiri. Mwingine alisahau jina la kijana mara mbili ndani ya saa moja. Hakuna dalili yoyote kati ya zile ninazozijua ambayo ingemfikishia mtu aliye nje habari hizo.

Ijumaa usiku kijana alikuja kwangu, akaniambia amechagua, na ni wapi. "Mjomba, tafadhali, kaa nalo hadi Alhamisi." Nikamwahidi. Leo asubuhi mzee mmoja, rafiki yangu wa kubashiri tangu enzi za Wiggins, alinishika mkono akitabasamu: "Wewe ni mjomba wake, wewe unajua." Nilimwambia kijana atasema mwenyewe. Alinitazama kwa muda, kisha akageuka kuwaambia wenzake kwamba nikikataa hivyo basi ni Indiana. Hata kunyamaza kwangu kulisomwa kuwa dalili, mbele ya macho yangu, na sikuwa na la kufanya.

Ndiyo maana nimelitoa daftari. Nilijua humo mna ukurasa wenye jina la mpwa wangu, kwa maana niliuandika mwenyewe mwezi Agosti. Nimeandika Indiana, na sababu: "Kocha amekuja mara tatu." Nafasi ya wino mwekundu iko wazi, na nimeiacha hivyo.

Atasaini Alhamisi saa nane mchana kwenye ukumbi wa michezo wa shule yake. Nimekwisha kuomba ruhusa kazini, na kesho jioni nitakwenda kwa yule mzee kumweleza habari ya upatu na gari, aiseme na yeye kama alivyoisema ile ya kwanza. Dada amenitumia ujumbe muda huu: nije na tai zangu zote, kwa sababu aliyomnunulia kijana imemwishia juu ya kitovu.