Hiroshima, na kitenzi kisicho na mtenda

Babu yangu alikuwa askari wa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza. Mwaka 1944 alipita na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki katika bonde la Kabaw, Burma, mvua ikinyesha kutwa kucha na magari yakizama kwenye tope. Agosti 1945 kikosi chake kilikuwa India, kikingoja amri nyingine. Ghafla wakaambiwa vita vimekwisha. Hadi anafariki alisema hivyo hivyo kuhusu bomu la atomiki ambalo Wamarekani waliliangusha Hiroshima: "Bomu lile ndilo lililonirudisha Tabora." Asingerudi, mimi nisingezaliwa. Kwa hiyo asubuhi ile ya Novemba nilipopanda treni ya mwendokasi Osaka kwenda Hiroshima, nilikwenda kama mtu mwenye deni asilojua analidaiwa na nani.

Saa moja na nusu, umefika. Nje ya stesheni nilipanda tramu. Tramu za mji huu zilianza kutembea tena siku ya tatu baada ya bomu, kwenye kipande cha reli kilichoweza kutengenezwa upesi. Nilishuka mbele ya lile jengo ambalo kila mtu ameliona pichani: ukumbi wa maonyesho ya biashara uliosanifiwa na Mcheki Jan Letzel, ukakamilika 1915. Kuba limebaki mbavu za chuma. Bomu lilipasuka karibu juu yake kabisa, ndiyo maana baadhi ya kuta hazikulala.

Uchochoro mmoja nyuma yake kuna kliniki ya Shima. Shabaha ilikuwa daraja la Aioi, lenye umbo la T. Bomu likapasukia juu ya hospitali iliyokuwa mahali hapa, mita 600 hivi angani, tarehe 6 Agosti saa mbili na robo asubuhi, saa ya watu kuanza kazi. Alama yake ni kibao kando ya barabara nyembamba. Mama mmoja alitoka klinikini na mfuko wa dawa, akapita. Nilishindwa kuondoka pale.

Makumbusho sitayasimulia yote. Kuna baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto wa miaka mitatu. Baba yake alimzika nayo uani, kwa kuwa aliipenda, na baada ya miaka arobaini ndipo ilipofukuliwa. Kuna boksi la chakula la mwanafunzi, chakula kimekuwa mkaa ndani yake. Maelfu ya wanafunzi walikuwa nje asubuhi ile, wametumwa kubomoa nyumba ili moto wa mashambulizi ya anga usienee. Kufikia mwisho wa 1945 watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa. Wakorea waliokuwamo wana mnara wao, ambao hadi 1999 ulikuwa nje ya bustani ya ukumbusho, ng'ambo ya mto. Hilo nalo liliniuma.

Katikati ya bustani kuna tao la mnara lililobuniwa na Kenzo Tange. Chini yake yamehifadhiwa majina ya marehemu, na juu ya jiwe pameandikwa sentensi moja. Mzee wa kujitolea aliyekuwa akiongoza wageni alinieleza kwa upole kwamba kitenzi chake hakina mtenda. Kijapani kinaruhusu: laleni kwa amani, kosa kutorudiwa. Nani hatarudia? Mwaka 1952 jaji Mhindi Radhabinod Pal aliihoji sentensi hiyo hadharani, kwa kuwa si Wajapani walioangusha bomu. Mji hujibu kwamba anayesema ni binadamu wote.

Nikajaribu kwa Kiswahili. Lugha yetu haikubali. Lazima uweke kiambishi: hatutarudia, hamtarudia, hawatarudia. Ukisema "halitarudiwa", kosa linakuwa kama mvua, limejinyeshea lenyewe.

Nilikaa kwenye benchi na hoja ya babu. Stimson, aliyekuwa waziri wa vita wa Marekani, aliandika 1947 kwamba kuivamia Japani kungegharimu maisha mengi mno, na baada ya vita vikali vya kisiwa cha Okinawa si rahisi kumpuuza. Lakini tume ya Marekani yenyewe iliyochunguza mashambulizi ya anga iliandika 1946 kwamba Japani ingesalimu amri kabla mwaka 1945 haujaisha hata bila bomu. Wasovieti nao walitangaza vita tarehe 8 Agosti. Kesho yake, Nagasaki. Siku tatu tu, hata habari za bomu la kwanza hazijaeleweka vizuri Tokyo! La Nagasaki sijaona hoja ya kulitetea. Na la Hiroshima, nikimpenda babu kiasi gani, siwezi kumweka kwenye mizani na mtoto yule nikasema yeye ndiye mzito.

Shangazi, bintiye babu, alituma ujumbe: "Pale wameandika nini?" Nilikuwa nimeshampelekea picha ya baiskeli. Nilifuta mara tatu. Nikakumbuka kwamba sehemu kubwa ya urani, madini ya mradi wa mabomu yale, ilitoka Shinkolobwe, Katanga, nchini Kongo, ambako wachimbaji walisemezana kwa Kiswahili bila kuambiwa inakwenda wapi. Nikamkumbuka babu akishuka treni Tabora, mzima.

"Hatutarudia kosa," nikaandika.

"Nyinyi na nani?"

"Sisi, shangazi."

Alikaa kimya kwa muda. Kisha: "Mwombee dua yule mtoto wa baiskeli, baba."

Nikainuka, nikarudi kwenye tao.